Je, Mchezo Waweza Kuponya Nafsi?

Mtu mwenye huzuni akienda kwa rafiki yake, husema maneno. Na akienda kwa daktari wa akili, huombwa vilevile aseme maneno. Lakini iko namna nyingine ya kutibu, ambayo mgonjwa hasimulii tu habari za mashaka yake, bali huyacheza mbele ya wenziwe, kama watu wachezavyo mchezo jukwaani. Namna hii jina lake ni saikodrama, ndiyo kusema mchezo wa nafsi. Mwenye kuianzisha alikuwa daktari, Jacob Levy Moreno, naye aliieleza katika vitabu vingi. Kimoja kilicho mashuhuri ni kile kiitwacho Psychodrama, ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1946. Leo kazi hii yafanywa katika nchi nyingi duniani. Wako waisifuo kupita kiasi, na wako waichekao, wakisema ni upuzi watu wazima kucheza kama watoto. Mimi naona wote wawili hawakuangalia mahali panapostahili kuangaliwa. Katika makala haya nataka tuipime kazi hii kama tupimavyo kazi yoyote ya sanaa: tuone nguvu yake iko wapi, na udhaifu wake uko wapi.

Kwanza yafaa tujue Moreno alibadili nini. Tangu zamani za Wayunani watu walijua ya kuwa mchezo waweza kugusa moyo. Aristotle, katika kitabu chake juu ya ushairi, aliandika kwamba mchezo wa msiba huamsha huruma na hofu, na kwa njia hiyo huzitakasa. Wasomi wengi wamemfahamu kuwa alikuwa akiwafikiri watu waliokaa kutazama: mchezaji acheza, mtazamaji atakaswa. Moreno aliligeuza jambo hili. Yeye alisema kwamba apataye faida ya kwanza ni mchezaji mwenyewe, iwapo mchezo anaoucheza ni maisha yake mwenyewe, wala si maneno aliyoandikiwa na mtu mwingine.

Alizaliwa Bucharest, katika nchi ya Romania, mwaka 1889, akakulia Vienna, mji mkuu wa Austria, na huko akahitimu udaktari mwaka 1917. Alipokuwa kijana alipenda kuketi na watoto katika bustani iitwayo Augarten, akiwasimulia hadithi na kuwaacha wazicheze kwa kubuni wenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza alifanya kazi katika kambi ya wakimbizi pale Mitterndorf, akaona jinsi watu waliowekwa pamoja bila kuulizwa wapenda kukaa na nani walivyozidishiana taabu. Mchezo wa watoto na taabu za kundi: hiyo ndiyo mizizi miwili ya kazi yake yote.

Siku ya 1 Aprili 1921 alitwaa jukwaa la nyumba moja ya michezo mjini Vienna. Pazia lilipofunguliwa, watazamaji hawakuona wachezaji wala mchezo ulioandikwa. Waliona kiti cha enzi na taji. Moreno aliwaita wapande mmoja mmoja, wakae kitini, waonyeshe jinsi ambavyo wangeiongoza nchi yao, iliyokuwa imeshindwa vitani na haina mfalme tena. Kwa masimulizi yake mwenyewe, hakuonekana hata mmoja aliyestahili kile kiti. Magazeti yalimlaumu, na baadhi ya rafiki zake walimwacha. Wengi husimulia habari za usiku ule kama mwanzo mtukufu. Mimi nauona kama onyo. Wale watu walikuja kutazama, hawakujuana, wala hapana aliyewaandaa. Mtu hatoki barabarani na kofia yake mkononi akafunua moyo wake mbele ya umati kwa sababu tu amewekewa kiti kizuri. Jukwaa peke yake halimpi mtu ujasiri. Ujasiri hutoka kwa watu waliomzunguka.

Mwaka 1925 Moreno alihamia Marekani, na mwaka 1936 alifungua hospitali yake pale Beacon, kando ya mto Hudson, kaskazini ya mji wa New York. Humo alijenga jukwaa la namna ya pekee, la mviringo, lenye daraja tatu, na roshani juu yake. Hata hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili ya St. Elizabeths, mjini Washington, ilikuwa na jukwaa la namna hii katika miaka ya 1940. Basi haikuwa kazi ya pembeni tena.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Huhitajiwa mambo matano: jukwaa, hata kama ni nafasi tupu katikati ya chumba, mtu mmoja mwenye mashaka ambaye siku hiyo mchezo ni wake, kiongozi, wasaidizi wanaosimama badala ya watu wa maisha yake, na wenzake wengine waliokaa kutazama. Kazi ina sehemu tatu. Kwanza watu huchangamshwa, wazoeane na hofu itoke. Ya pili ni mchezo wenyewe. Ya tatu, watu wote huketi, na kila mmoja husema ni jambo gani la maisha yake mwenyewe lililoguswa na yale aliyoyaona.

Natoa mfano wa kubuni, ili jambo lionekane wazi. Tuseme yuko mwanamke aliyefiwa na baba yake, nao walikuwa hawasemezani kwa miaka mitano kwa sababu ya shamba. Baba amekufa, maneno yamebaki kifuani. Kiongozi humwuliza: Baba alikuwa akiketi wapi? Aliketije? Mwanamke huchagua mwenzake mmoja awe baba, humketisha, humwonyesha jinsi ya kushika fimbo. Kisha husema naye. Akishindwa, msaidizi mwingine husimama nyuma ya bega lake kama pacha wake, akayatamka yale anayodhani yamemkwama kooni. Yakiwa si kweli, mwenyewe huyakataa. Ndipo kiongozi huwaambia wabadilishane nafasi. Sasa yule binti huketi katika kiti cha baba, hushika fimbo, na huyasikia kwa masikio ya baba yale maneno aliyoyasema mwenyewe punde tu. Naye hana budi kujibu.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ilipo nguvu kubwa ya kazi hii, tena ni nguvu ya kweli. Mtu akisimulia ugomvi wake, huwa wakili wa nafsi yake. Kadiri anavyosimulia mara nyingi, ndivyo hadithi inavyozidi kunyooka na kumpendelea. Lakini ukimweka katika kiti cha adui yake, ile hadithi haimtoshi tena. Lazima atafute sababu, na sauti, na machungu ya mtu yule. Sisi walimu twaweza kulifahamu jambo hili upesi. Wavulana wawili wakigombana juu ya jembe lililovunjika, ukiwaambia kila mmoja aeleze, utapata hotuba mbili zilizotengenezwa vizuri, wala hutajua zaidi ya ulivyojua. Lakini umwambie Juma asimame mahali pa Petro, aseme maneno ya Petro, na Petro aseme ya Juma. Kwanza watacheka. Kisha mmoja atasita. Na pale anaposita ndipo penye faida yote, maana amefika mahali ambapo neno la mwenzake lina haki, naye hakupata kulitamka kwa kinywa chake.

Wataalamu nao wamelichunguza. Mwaka 2003 Kipper na Ritchie walichapisha hesabu waliyoifanya kwa kukusanya majaribio 25 ya kazi hii. Walikuta kwamba njia zilizoonyesha nguvu zaidi ni mbili: kubadilishana nafasi, na yule pacha anayesema nyuma ya bega. Majaribio 25 si mengi, wala hayatoshi kufunga mdomo wa kila mwenye shaka. Lakini angalia ni njia zipi zilizotokea mbele. Hazikuwa za kulia kwa nguvu, wala za kupiga kelele jukwaani. Zilikuwa zile ambazo mtu mmoja huingia katika nafasi ya mwingine.

Sasa niseme juu ya udhaifu, na hapa sina budi kumshika Moreno kwa maneno yake mwenyewe. Hadithi anayoitumia kuonyesha jinsi tiba hii ilivyozaliwa ni ya mwanamke mchezaji, ambaye katika kitabu amemwita Barbara. Hayo yalikuwa Vienna, katika miaka ya mwanzo ya 1920, kwenye nyumba yake ya michezo isiyoandikwa. Barbara alikuwa akicheza wanawake wapole na watakatifu, na watu wakampenda. Aliolewa na kijana mmoja mtunga mashairi. Siku moja mumewe alimwendea Moreno kwa huzuni, akamwambia kwamba mwanamke yule malaika wa jukwaani, nyumbani ana matusi makali, hata hupiga. Moreno akampa Barbara mchezo wa namna nyingine: awe kahaba wa mitaani anayegombana na mtu mwovu, naye auawe. Aliucheza kwa nguvu ya ajabu. Akaendelea kupewa watu wa namna hiyo, na mumewe akaleta habari kwamba hasira ya nyumbani yapungua. Baadaye mume na mke walipanda jukwaani pamoja, wakacheza mambo ya nyumba yao wenyewe, na watazamaji wakaguswa sana. Katika kitabu hadithi yaishia kwa wale wawili kuketi na Moreno wakimshukuru.

Ni hadithi nzuri, imesimuliwa vizuri, na kwa miaka mingi imefundishwa kama ushahidi. Lakini waliochunguza maisha ya Moreno baadaye wameonyesha kwamba mume yule alijiua mwaka 1929, haijapita hata miaka kumi. Sisemi kwamba mchezo ndio uliomwua. Hapana mtu awezaye kusema hivyo, wala haki hairuhusu. Nasema jambo jingine. Kitabu kilitoka mwaka 1946, nao msomaji wake afunga ukurasa akidhani nyumba ile ilipona. Msimulizi alisimama pale watazamaji walipopiga makofi. Mwandishi wa michezo ana ruhusa kushusha pazia anapotaka, maana watu wake ni wa karatasi. Mganga hana ruhusa hiyo. Mgonjwa wake huendelea kuishi baada ya pazia kushuka, tena usiku ule ule hurudi nyumbani kwake, na kesho yake huamka na mambo yale yale.

Hii ndiyo hatari ya kwanza ya mchezo wa nafsi: kuyachukua machozi kuwa ndiyo kupona. Machozi huonekana na kilio husikika. Na kiongozi aliyewafanya watu walie huhisi kwamba amefanya kazi. Lakini kutapika hasira si sawasawa na kuiondoa. Mwaka 2002 mtaalamu wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha jaribio alilolifanya kwa wanafunzi 600 waliokasirishwa makusudi. Wengine waliambiwa wapige mfuko wa mazoezi ya ngumi huku wakimfikiri mtu aliyewakasirisha. Wengine waliketi tu bila kufanya neno. Waliopiga mfuko ndio waliozidi kuwa na hasira. Jaribio hilo halikuwa la saikodrama, lakini latufundisha kumtazama kwa shaka mtu yeyote asemaye kwamba kumwaga tu kwatosha. Mtungi uliomwagwa wataka kuoshwa na kuwekwa mahali salama. La sivyo utajaa tena maji yale yale.

Hatari ya pili ni uwezo mkubwa wa kiongozi. Moreno alikuwa daktari, na mwongozaji wa mchezo, na msimulizi wa habari, vyote pamoja. Ukisoma vitabu vyake utaona kwamba mara nyingi shujaa wa hadithi si mgonjwa, bali ni yeye aliyejua la kufanya. Tena kwa miaka mingi alifungua jukwaa lake mjini New York kwa watu wote: mtu alilipa kiingilio, akaingia, na akitaka akapanda. Huo ulikuwa ukarimu, sikatai. Aliitoa tiba katika chumba cha matajiri akaileta mbele ya watu wa kawaida. Lakini mtu aliyefunua kidonda chake Jumatano mbele ya wageni, Alhamisi atamwendea nani? Wale waliomwona wametawanyika, kila mtu kwa njia yake, na siri yake wameichukua.

Hapa yafaa tukumbuke jambo lililo kwetu. Katika sehemu nyingi za Tanzania, kama vile kwa Wazaramo na Waluguru, watani huja matangani. Mtani huweza kuvaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake, na kikohozi chake, na namna alivyowakaripia watoto. Wafiwa waliokuwa wakilia huanza kucheka, na katika kucheka humwona tena mtu wao, kisha humwacha aende. Huu nao ni mchezo unaotuliza kundi zima, nao ulikuwako bila kitabu cha Vienna. Lakini angalia kile kilicho chini yake. Mtani hakujichagua, amepewa ruhusa na desturi, na desturi hiyo hiyo yamwekea mpaka. Watu wote wajua yeye ni nani, naye kesho akifiwa, wao watakwenda kwake. Ruhusa ya kumchezea mtu huzuni yake imelipiwa kwa udugu wa muda mrefu. Kiongozi wa saikodrama hana urithi huo. Hana budi kuujenga kwa mafunzo, kwa kutunza siri, na kwa kuwa na kundi lile lile juma baada ya juma.

Wengine wataniambia kwamba saikodrama ni ngoma ya pepo iliyovikwa suti. Sikubali. Katika ngoma ya pepo asemaye ni pepo, na mgonjwa mara nyingi husema baadaye kwamba hakumbuki neno. Katika saikodrama, mtu akicheza baba yake au adui yake, ajua muda wote kwamba ni yeye anayecheza, na faida yote iko katika kukumbuka. Akirudi kitini pake ni lazima aweze kusema: Hili nimelisema mimi, na hili nimelisikia. Mchezo unaomfanya mtu asijue alichofanya haumfundishi kitu.

Basi tuipime kazi hii kwa kipimo gani? Kwa maoni yangu, kipimo si ile sehemu ya pili yenye vilio, ambayo watu huisimulia. Kipimo ni sehemu ya tatu, ile isiyo na uzuri wa kutazama, watu wanapoketi na kusemezana. Sheria yake ni ngumu kuliko inavyoonekana: hapana ruhusa kumpa yule mtu shauri, wala kumhukumu, wala kumweleza maana ya maisha yake. Kila mmoja hana budi kusema habari zake mwenyewe. Mwenzake mmoja atasema, Mimi nami sikumzika mama yangu. Mwingine atasema, Mimi ndiye baba aliyenyamaza, na mwanangu yu hai, nami bado sijamwita. Ndipo yule aliyekuwa uchi peke yake jukwaani avikwa nguo na wenzake. Amewapa maisha yake wayatazame, nao wamemrudishia maisha yao. Hapo kundi limekuwa dawa; bila hapo kundi ni umati tu wa watazamaji.

Walioipokea kazi hii baada ya Moreno, aliyekufa Beacon mwaka 1974, wengi wao wamelifahamu jambo hili. Katika Marekani lilianzishwa mwaka 1975 baraza la kuwapima viongozi, nalo limeweka sharti la saa 780 za mafunzo kabla mtu hajapewa cheti. Mwenye haraka ataona saa hizo kuwa nyingi. Mimi nikikumbuka nyumba ile ya Vienna, sizioni kuwa nyingi hata kidogo.

Nasi tusomao habari hizi vijijini, tuchukue lipi na tuache lipi? Tusijaribu kufungua vidonda vikubwa vya watu, kama vile vya vita, au vya kufiwa na mtoto, au vya kuonewa katika utoto, kwa sababu tumesoma makala moja. Kidonda cha namna hiyo chataka mtu aliyefundishwa. Lakini mambo mawili hayahitaji cheti, wala hayana hatari tukiyatumia kwa kiasi. La kwanza, katika ugomvi mdogo wa shuleni au wa nyumbani, tujifunze kuwaambia watu wabadilishane viti kabla hatujatoa hukumu. La pili, mtu atuelezapo shida yake, tuache haraka ya kumwagia mashauri. Tumweleze kwanza ni wapi sisi nasi tuliumia hivyo. Mambo haya hayatapigiwa makofi na mtu. Lakini yule tuliyemsikiliza siku ya leo, kesho tutakutana naye njiani akitoka kisimani, na keshokutwa tena, nasi tutaweza kumwuliza usiku umekwendaje.